Kutiwa mpira hospitali na mwili unavyoshtuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tunaulizwa na wagonjwa na jamaa zao, mengi kwenye mabenchi ya nje ya wodi, iwe hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja, au kule Pemba: Chake Chake, Wete au Abdulla Mzee ya Mkoani. Anayejibu ni muuguzi. Kama una maradhi ya moyo, sukari au umewahi kuumia uti wa mgongo, yasome halafu uzungumze na daktari anayelijua faili lako.

Mpira upi hasa?

Wa puani, unaoshuka mpaka tumboni kwa ajili ya kulishia au kutoa maji machafu ya tumbo. Wa mkojo. Kamera ya tumbo, ambayo nayo ni mrija wenye taa unaomezwa. Na mpira wa pumzi, unaotiwa kooni mtu akishapewa nusukaputi. Sindano ya dripu hatuigusi hapa, ingawa wapo majabali wa watu wanaoanguka chini kwa kuiona tu, na habari yao iko mbele.

Moyo unanienda mbio kabla mpira haujanigusa. Mimi ni mwoga sana?

La. Ubongo hausubiri maumivu yafike. Umeona glovu zinavaliwa, umesikia magurudumu ya kitoroli, umenusa spiriti, umemwona jirani wa kitanda cha pili alivyokunja uso, basi umeshajua kuna kitu kinakuja. Sehemu moja ndogo ndani yake, iitwayo amigdala, inaipa taarifa sehemu nyengine ya ubongo iitwayo haipothalamasi, nayo inapeleka amri kwa mishipa ya fahamu mpaka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Yote hayo ni mambo ya sekunde.

Unachokihisi baada ya hapo ni kazi ya adrenalini pamoja na mishipa hiyo ya fahamu. Moyo unapiga kwa kasi na kwa nguvu, presha inapanda, pumzi zinakuwa fupi, mate yanakauka, kijasho chembamba kinatoka viganjani, vinyweleo vinasimama. Damu inapunguzwa kwenye ngozi na matumbo, inaongezwa kwenye misuli ya mikono na miguu. Ini linatoa sukari iliyowekwa akiba. Tumbo linasita kusaga chakula.

Hilo la tumbo ndilo lililomfungua macho Walter Cannon, mwanasayansi wa Marekani. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa akitazama kwa eksirei namna tumbo la paka linavyosaga chakula, akaona kwamba paka akifadhaika tu, tumbo linasimama kimya. Mwaka 1915 akaeleza kwa kirefu kwamba mnyama anayetishwa huandaliwa na mwili wake mambo mawili: apigane au akimbie. Na wewe kitandani huwezi lolote kati ya hayo. Umelala chali na shuka mpaka kifuani, una nguvu za kumkimbia nyati, na unaombwa utulie. Mtetemeko wa miguu unatokana na hapo.

Habari njema ni kwamba adrenalini haikai sana. Nusu yake inaondoka kwenye damu kwa dakika mbili tatu, ikiwa hakuna jengine la kuichochea. Ndiyo maana binafsi trei naifunika kwa kitambaa mpaka mgonjwa ameshaelezwa kila kitu na ameshauliza analotaka kuuliza. Trei iliyo wazi mbele ya macho ya mtu inamchochea bila sababu.

Mbona nilianza kujisikia vibaya zaidi baada ya kazi kwisha?

Kwa sababu kuna wimbi la pili. Mbali na njia ya haraka ya mishipa ya fahamu, haipothalamasi ina njia ya polepole: inaiamsha tezi ya pituitari chini ya ubongo, pituitari inatuma homoni kwenye damu, na tezi zile zile za juu ya figo, safari hii tabaka lake la nje, zinatoa homoni nyengine ya mshtuko, kotisoli. Kotisoli hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 tangu jambo lilipoanza. Kwa hiyo mpira umeshabandikwa plasta, nesi ameshakwenda kwa mgonjwa mwengine, na mwili wako ndio kwanza uko juu ya wimbi. Inachukua saa moja na zaidi kushuka.

Hans Selye, mtafiti aliyekuwa Canada, ndiye aliyeifanya dunia iuangalie mpango huu, kwa barua fupi aliyoichapisha mwaka 1936 kuhusu panya waliopatwa na madhara ya aina mbalimbali na miili yao ikajibu kwa namna inayofanana. Yeye aliona ubaya wake zaidi. Lakini kotisoli si adui. Bila hiyo presha ingeanguka na sukari ingekuwa haitoshi wakati wa shida.

Hapa lipo jambo la kulisema wazi. Mtu aliyekunywa vidonge vya prednisoloni kwa wiki nyingi, kwa pumu au kwa viungo, tezi zake huenda zimelala na hazitoi kotisoli ya kutosha inapohitajika. Akienda kufanyiwa operesheni au kipimo kikubwa, amwambie daktari mapema, na asiviache vidonge hivyo ghafla kwa uamuzi wake.

Presha na sukari zangu zilipimwa wakati huo zikawa juu. Ndiyo nimeshapata maradhi?

Huwezi kusema hivyo kwa kipimo hicho. Presha ya mtu aliyetoka kutiwa mpira ni presha ya mtu aliyeshtuka, na sukari yake vivyo hivyo. Vipimwe tena ukiwa umepumzika, siku nyengine ikibidi. Lakini pia usivitupe: wengi wetu tunagundulika kwa bahati namna hii hii, na kusema “ilikuwa khofu tu” miaka mitano mfululizo ndiko kunakoleta kiharusi. Mwenye kisukari tayari apime mara nyingi zaidi siku hiyo.

Mpira ulipopita puani nilitokwa na machozi, na mimi sikuwa nalia.

Ni kweli hukuwa unalia. Ngozi laini ya ndani ya pua inatumia mshipa mmoja wa fahamu pamoja na macho, na ukiguswa kwa nguvu jicho linatoa machozi na pua inataka kupiga chafya. Hata shujaa atatoa machozi. Wazee wa kiume jambo hili huwafedhehesha mbele ya wajukuu, na huwa nawaambia wajukuu watoke nje kidogo.

Kwa nini nataka kutapika mpira ukifika kooni, na nifanye nini?

Nyuma ya koo kuna mlinzi. Kitu kigeni kikigusa pale, taarifa inakwenda kwenye shina la ubongo na amri inarudi hapo hapo: koo likunjwe, ulimi usukume nje, tumbo lipande. Hakuna kufikiri ndani yake, kwa hiyo hakuna kosa la mgonjwa. Wengine mlinzi wao ni mkali kiasi kwamba mswaki tu unatosha.

Tafiti zilizowauliza wagonjwa wa idara za dharura ziliukuta mpira wa puani miongoni mwa mambo yanayoumiza kuliko yote wanayofanyiwa, na wahudumu mara nyingi huyakadiria maumivu hayo kwa uchache. Nakubaliana nazo. Tunasema “ni kidogo tu” kwa kuwa hatujawahi kutiwa sisi.

Kinachosaidia kinaonekana ukiwa karibu. Mgonjwa anakaa wima, mto nyuma ya mgongo. Mpira unapimwa kwa nje kwanza, kutoka ncha ya pua mpaka ndewe ya sikio, kisha mpaka chini ya mfupa wa kifua. Kwa mtu mzima inakuja kama sentimita 50 hadi 60, na hapo panatiwa alama. Pua inatiwa dawa ya ganzi na tunaisubiri ifanye kazi. Mpira unaingia ukielekea nyuma, si juu. Ukifika kooni tunasimama. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kusukuma wakati koo limekunjika. Anapumua, anainamisha kidevu kifuani, anashika gilasi ya maji yenye mrija, kama hali yake inaruhusu kumeza. “Haya mzee wangu, nikikwambia meza, umeze kama unakunywa chai.” Anameza, mpira unateremka vidole viwili. Anameza tena. Wakati wa kumeza njia ya hewa inajifunika na ya chakula inafunguka, ndiyo maana tunaufuata mmezo wake badala ya yeye kutufuata sisi. Pale chini mkono wake umeushika ukingo wa kitanda mpaka vifundo vimetokeza, na kwenye mmezo wa nne au wa tano huuona mkono unalegea wenyewe.

Jengine: kubalianeni ishara kabla ya kuanza. Akiinua mkono, tunasimama. Na tusimame kweli. Mtu mwenye uwezo wa kusimamisha jambo mwili wake haushtuki kama wa mtu aliyeshikiliwa, hata kama ishara yenyewe hakuitumia.

Kama hakukohoa, maana yake mpira umekaa sawa?

Hapana, na hili ni la hatari. Aliyepata kiharusi, aliyepoteza fahamu, mtoto njiti, hawa mlinzi wao wa koo anaweza kuwa amesinzia. Mpira unaweza kuingia kwenye njia ya pumzi na mgonjwa akanyamaza kimya. Kwa hiyo ukimya wa mwili si ushahidi. Unavutwa ute kidogo kwa bomba la sindano na kupimwa kwa karatasi ya asidi: pH, yaani namba ya kipimo hicho, ikiwa 5.5 au chini yake, ni dalili nzuri kwamba tumefika tumboni. Ikiwa haieleweki, ni picha ya eksirei. Ule mtindo wa zamani wa kupuliza hewa na kusikiliza tumbo kwa kipimo cha masikio hautoshi. Sauti husikika hata mpira ukiwa sipo.

Mnaowalisha wagonjwa nyumbani, angalieni alama iliyo puani kila kabla ya kumimina uji. Ikiwa imesogea, au mgonjwa anakohoa, anahema kwa shida au midomo inabadilika rangi, msimimine kitu. Rudini hospitali.

Kuna na wengine ambao kengele yao ya hatari, yaani huu mshtuko wa mwili, inasikika kwa chini. Anayekunywa dawa za presha kama atenololi au propranololi, moyo wake hauendi mbio hata akiwa na khofu kubwa. Mwenye kisukari cha miaka mingi kilichoathiri mishipa ya fahamu naye vivyo hivyo. Msimtazame mapigo mkasema ametulia. Muulizeni.

Kwenye mpira wa mkojo jamaa zangu walikuwa wakinihimiza “jikaze”. Walisaidia?

Walikusudia wema, lakini walikuzidishia. Njia ya mkojo inafungwa na misuli miwili. Mmoja unajiendesha wenyewe, mwengine unautawala wewe, ndio unaokuzuia usijikojolee ndani ya daladala. Ukikaza meno, mapaja na makalio, msuli huo unafunga, na mpira unagonga mlango uliofungwa. Maumivu yanapanda, khofu inapanda, msuli unafunga zaidi. Mwanamume ndiye anayepata tabu hii kwa kweli: njia yake ina urefu wa karibu sentimita 20, inapinda, na inapita katikati ya tezi dume ambayo kwa wazee imeshavimba. Ya mwanamke ni sentimita nne hivi.

Maneno ya kumwambia ni haya: legeza mapaja, vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi, sasa fanya kama unataka kukojoa. Kwa kukojoa msuli unafunguka. Wengine tunawaomba wakohoe kidogo.

Na jeli ya ganzi ipewe muda wake. Jeli ya lignokeini ikitiwa na mpira ukafuata papo hapo, imefanya kazi ya kulainisha tu. Inahitaji dakika tatu hadi tano, na zaidi ikiwezekana. Najua foleni ilivyo, najua nesi mmoja ana wagonjwa wangapi zamu ya usiku. Lakini dakika tano za kusubiri ni pungufu ya dakika ishirini za kuhangaika na mzee aliyeshaumizwa mara moja. Mgonjwa unaruhusiwa kusema: “Mwanangu, subiri kwanza dawa ishike.” Hakuna utovu wa adabu ndani yake.

Tukumbuke pia kwamba mzee aliyezuilika mkojo tangu alfajiri anafika akiwa ameshashtuka mwili mzima. Kibofu kilichojaa peke yake kinapandisha presha na mapigo. Kwake yeye mpira ndio unaoondosha mateso, na ukiona mkojo unaanza kuteremka kwenye mfuko, utaona na uso wake unabadilika.

Mbona bado nahisi haja ndogo wakati mpira umo ndani?

Ndani ya kibofu kuna kiputo kilichojazwa maji, kwa kawaida mililita 10, kinachouzuia mpira usitoke. Kibofu kinakihisi kama mkojo na kinajikunja ili kukisukuma. Usisukume nacho. Hisia hupungua siku za mwanzo zikipita. Mkojo usiposhuka kabisa kwenye mfuko na tumbo la chini likajaa, hiyo si hisia tena. Mpira umeziba au umejikunja, mwite nesi.

Mimi presha haikupanda. Nilizimia.

Basi mwili wako ulikwenda njia ya pili. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu uitwao vagasi unaotoka kwenye ubongo, unapita shingoni, unafika kwenye moyo na matumbo. Kazi yake ni kuutuliza moyo. Kwa baadhi ya watu, khofu, maumivu au kuguswa koo huanza kwa moyo kwenda mbio kama kawaida, kisha ghafla vagasi inashika hatamu kupita kiasi: mapigo yanashuka, mishipa ya damu inalegea, presha inaanguka, ubongo unakosa damu kwa muda. Mtu anapiga miayo, anasikia kichefuchefu, masikio yanavuma, anaona kiza. Kwa ngozi zetu weupe wa uso haujionyeshi vizuri. Tazama midomo, viganja na ndani ya kope la chini.

Mlaze hapo hapo na umwinue miguu. Jamaa wengi hukimbilia kumkalisha na kumpepea, na kumkalisha ndiko kunakomcheleweshea damu kichwani. Kwa kawaida anarudi ndani ya dakika moja. Kama alishawahi kuzimia, aseme mapema, afanyiwe akiwa amelala. Asiporudi haraka, au kifua kinamuuma, hilo ni jambo jengine na daktari aitwe.

Bibi alitetemeka mwili mzima na kuhema. Wapo waliosema kapandwa.

Kutetemeka, kuhema haraka, ganzi za vidole na kuzunguka midomo, hizi ni dalili za adrenalini na za kupumua kupita kiasi. Anayehema sana anatoa hewa chafu nyingi kuliko inavyotakiwa, damu inabadilika kidogo, vidole vinakufa ganzi na hata kukakamaa. Mkalie karibu, mpunguzie watu, mwambie atoe pumzi polepole.

Kumsomea hatukatazi, na tena kuna faida mtu anayoweza kuipima. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2001 ulikuta kwamba wanaosoma rozari, sala ya Wakatoliki inayorudiwarudiwa, kwa sauti walipunguza pumzi zao mpaka karibu sita kwa dakika, na moyo ukafuata. Uradi unaosomwa kwa utulivu, pumzi moja kwa sentensi moja, una mwendo wa namna hiyo. Msomeeni polepole basi, msimpigie makelele masikioni. Lakini akiwa na homa kali, amechanganyikiwa maneno, au upande mmoja umelegea, daktari kwanza.

Mtu aliyepewa nusukaputi hahisi. Mwili wake nao haujui?

Unajua. Tangu mwaka 1951 madaktari wa usingizi wa Marekani waliandika kwamba mpira wa pumzi unapopitishwa kooni, presha na mapigo vinapanda ingawa mgonjwa amelala fofofo. Akili imelala, shina la ubongo halijalala lote. Upandaji huo hufika juu ndani ya dakika moja au mbili na kushuka baada ya dakika chache. Kijana mzima hata hauhisi. Mwenye presha isiyotulia, mshipa dhaifu wa ubongo au moyo mgonjwa ndiye anayeogopewa, na kwake mtaalamu wa usingizi huongeza dawa kabla ya kugusa koo. Watoto wadogo wanaweza kwenda kinyume, moyo ukapunguza kasi.

Kwa hiyo ukiulizwa kama unakunywa dawa za presha na kama umezinywa asubuhi, usijibu kwa kukisia.

Mtoto mchanga hana akili ya kuogopa. Kwake si kitu?

Dunia nzima ilidhani hivyo kwa muda mrefu, na watoto wachanga walifanyiwa operesheni kwa dawa kidogo mno. Mwaka 1987 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba watoto njiti waliopewa dawa ya kutosha ya maumivu walikuwa na homoni za msongo chache kuliko wenzao, na walipata matatizo machache zaidi baada ya operesheni. Mtoto hajui neno khofu, tezi zake zinajua kazi.

Mama, ukiwepo karibu una nafasi. Mtoto wa wodi ya njiti anayelishwa kwa mpira akiwa kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, mapigo yake yanatulia. Kunyonya, au tone la maji ya sukari linalotolewa na nesi kabla ya kazi, hupunguza maumivu. Msimpe asali nyumbani kwa kuiga: asali haifai kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Kaka yetu alianguka kwenye mkarafuu, hana hisia kuanzia kifuani kushuka. Kwa nini mpira ukiziba anaumwa kichwa?

Suali hili tunaliomba kila familia ya namna hii ilijue, na msimu wa karafuu Pemba hauishi bila ya mtu kuanguka. Wakwezi wa minazi nao wamo.

Uti wa mgongo ukikatika juu, kwenye pingili ya sita ya kifua au zaidi, sehemu ya chini ya mwili na ubongo havisemezani tena. Kibofu kikijaa kwa sababu mpira umeziba, mishipa ya fahamu ya chini inashtuka na kuibana mishipa ya damu. Kwa mtu mzima wa afya, ubongo ungetuma amri ya kutuliza. Kwake amri haipiti pale palipokatika. Presha inapanda bila ya breki. Ubongo unachoweza ni kuupunguza moyo kasi, na haitoshi. Yeye kibofu hakihisi. Anachohisi ni kichwa kupasuka, uso kuwaka moto na kutokwa jasho juu ya pale penye hisia, vinyweleo kusimama, pua kuziba, wahaka mkubwa. Presha ya mtu kama huyu kwa kawaida iko chini, 90 mpaka 110 ya juu, kwa hiyo 140 ambayo kwa jirani si kitu, kwake ni hatari. Inaweza kumletea degedege au kiharusi.

Mkalisheni wima mara moja, miguu ining'inie. Fungueni nguo za kubana. Fuateni mpira kuanzia mwilini mpaka kwenye mfuko: umejikunja, ameukalia, mfuko umejaa? Kama mkojo haushuki, mpira ubadilishwe sasa hivi. Kama unashuka, sababu ya pili ni choo kigumu, ya tatu ni kidonda au hata nguo iliyomfinya. Msimlaze na msimpe panadoli mkasubiri asubuhi. Na kumtia mpira wenyewe kunaweza kuanzisha jambo hili, kwa hiyo mkifika kituo kisichomjua, semeni kwa sauti: ameumia uti wa mgongo.

Babu anauchomoa mpira kila usiku. Tumfunge mikono?

Jitahidini msifike huko. Mzee mgonjwa huchanganyikiwa usiku, haelewi kitu gani kimo puani mwake, na mtu aliyefungwa bila kuelewa mwili wake hauna tafsiri nyengine ila kutekwa. Mapigo yanapanda, anapigana zaidi. Mtu anayemjua akae naye, taa ndogo iwake, miwani na kifaa cha masikio kama anacho arejeshewe, mpira upitishwe nyuma ya sikio mbali na mkono, plasta isiwe inawasha. Kisha muulizeni daktari kila siku: mpira huu bado una kazi? Unaochomolewa wa mkojo, kiputo kikiwa kimejaa, unachana njia na kutoa damu. Hapo lazima aonwe.

Naona haya. Naweza kuomba nesi wa kike, au wa kiume?

Omba. Haya nayo inaamsha kengele ile ile, na mtu aliyefunikwa vizuri analegeza misuli haraka zaidi. Bi mkubwa aachiwe kanga yake, afunuliwe pale tu panapohitajika, pazia livutwe. Ikiwa zamu hiyo hakuna mwengine na jambo ni la dharura, jamaa wa jinsia yako anaweza kusimama kichwani pako.

Kamera ya tumbo nimepangiwa ndani ya Ramadhani.

Kipimo chenyewe kinataka tumbo tupu, kwa kawaida muda wa saa sita mpaka nane bila chakula, kwa hiyo watu wengi huona kinalingana na saumu. Lakini kooni hupuliziwa dawa ya ganzi, pengine hupewa maji au dawa kwa mshipa. Hukumu ya saumu yako muulize sheikh wako, ukimweleza kila kinachofanyika. Mgonjwa ameshapewa ruhusa yake katika Sura ya Baqara. Kama kipimo kinaweza kungoja, waombe wakupangie baada ya Idi. Kama umetapika damu hakingoji.

Baada ya kipimo usifungue wala usinywe chochote mpaka ganzi ya koo imetoka, kama saa moja. Chai ya moto kwenye koo lililokufa ganzi inaunguza na kupalia. Ukipewa dawa ya kusinzia, usiendeshe vespa siku hiyo, na kama umetoka Pemba usipande boti peke yako.

Mara ya kwanza niliumia sana. Sasa nikisikia neno mpira tu natetemeka.

Ni kawaida, kwa sababu adrenalini inaipigilia kumbukumbu. Mwambie nesi kabla ya trei kuletwa, kwa maneno mafupi: mara iliyopita ilikuwa hivi, palipouma ni hapa. Kwa maelezo hayo tunaweza kutumia mpira mwembamba zaidi, tundu jengine la pua, ganzi ya muda mrefu, au tukamwita mwenzetu mwenye mkono mwepesi zaidi. Kama bado unaota na kukwepa hospitali baada ya miezi, hilo lina matibabu yake, ulizia huduma ya afya ya akili.

Kutolewa kunauma?

Kidogo, na ni kwa haraka. Wa puani unavutwa kwa mkupuo mmoja huku umezuia pumzi, utapiga chafya na kutaka kupenga. Wa mkojo hutolewa maji ya kiputo kwanza, kisha unateleza wenyewe; mara ya mwanzo au ya pili mkojo utachoma. Kunywa maji. Ukipitisha muda wa saa sita hujakojoa, au tumbo la chini likakaza kabla ya hapo, usilale nayo nyumbani, rudi.